Msomaji Njia Panda: Vitabu-Mchezo Kutoka Karatasi Hadi Vifaa vya Kusomea vya Kielektroniki



1. Utangulizi

Historia ya fasihi andishi husimuliwa aghalabu kama historia ya waandishi na kazi zao. Ni nadra kusimuliwa kama historia ya vitu: karatasi, jalada, namba za kurasa, na mkono wa msomaji unaozifungua kurasa hizo. Mhadhara huu unakusudia kuuchunguza utanzu mmoja ambao hauwezi kuelezwa bila kuvitaja vitu hivyo, nao ni utanzu wa vitabu-mchezo. Tutafuatilia namna vitabu hivi vilivyozaliwa, jinsi vilivyosambaa katika miaka ya 1980, na yaliyovikuta vilipohamishwa kutoka karatasi kwenda katika simu, vishikwambi na vifaa maalumu vya kusomea. Kisha tutauliza swali linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili: utanzu huu ukiletwa katika lugha yetu na katika vifaa hivyo, sarufi yetu itadai nini kutoka kwa mwandishi na kutoka kwa mashine?

Kwa ajili ya mjadala huu, kitabu-mchezo ni masimulizi yaliyogawanywa katika vifungu vyenye namba, ambavyo havisomwi kwa kufuatana. Mwishoni mwa kifungu msomaji hupewa njia mbili au zaidi, na kila njia humpeleka kwenye kifungu chake. Mhusika mkuu huwa ni msomaji mwenyewe, naye husemeshwa kwa nafsi ya pili. Baadhi ya vitabu hivyo huongeza kanuni za mchezo: dadu za kurusha, alama za nguvu na bahati, na karatasi ya kuandikia vitu alivyoviokota msomaji njiani.

Hoja tutakayoitetea ni kwamba kitabu-mchezo kilikuwa programu kabla ya kuingia kwenye kompyuta. Kwa hiyo kilipohamishwa, badiliko kubwa halikuwa karatasi kuwa kioo. Badiliko kubwa lilikuwa kwamba mlinzi wa kanuni alibadilika. Katika karatasi, mlinzi wa kanuni ni msomaji. Katika kifaa, mlinzi ni mashine. Mengi yaliyopatikana na mengi yaliyopotea yanatokana na badiliko hilo moja.

2. Chimbuko la utanzu

Wazo la hadithi yenye matawi lina umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa na wengi. Mwaka 1930 waandishi wawili wa Marekani, Doris Webster na Mary Alden Hopkins, walitoa kitabu kilichoitwa Consider the Consequences!, ambamo msomaji aliwaamulia wahusika mambo ya maisha yao na kufuata matokeo ya uamuzi wake. Mwaka 1941 Jorge Luis Borges wa Argentina aliandika juu ya mtunzi wa kubuni aliyetunga riwaya inayorudi nyuma na kugawanyika matawi. Mwaka 1963 Julio Cortázar alichapisha Rayuela, riwaya yenye sura 155 ambayo mwandishi anapendekeza isomwe kwa mifuatano zaidi ya mmoja. Nchini Ufaransa, Raymond Queneau alitoa mwaka 1967 kisa kifupi ambacho msomaji hukijenga kwa kujibu maswali.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuihesabu nasaba hii ya kifasihi kuwa ndiyo pekee. Nasaba ya pili inatoka darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Norman Crowder alibuni nchini Marekani vitabu vya kujifundishia ambavyo kurasa zake zilichanganywa makusudi. Mwanafunzi alisoma maelezo, akajibu swali la kuchagua, na kila jibu lilimpeleka kwenye ukurasa wake. Aliyepatia aliendelea mbele. Aliyekosea alikuta ukurasa unaomweleza kosa lake na kumrudisha kwenye swali. Mbinu nzima ya kitabu-mchezo imo humo, isipokuwa hadithi.

Hadithi ililetwa na Edward Packard, mwanasheria wa Marekani aliyezoea kuwasimulia binti zake wakati wa kulala. Alipoishiwa na la kusimulia, aliwauliza wao mhusika afanye nini, na majibu yao yalipotofautiana akaona kwamba kila jibu linastahili mwisho wake. Mswada wake, Sugarcane Island, uliandikwa mwaka 1969, ukakataliwa na wachapishaji kadhaa, na ukachapishwa mwaka 1976 na shirika dogo lililoongozwa na R. A. Montgomery. Mwaka 1979 kampuni ya Bantam ilianzisha mfululizo wa Choose Your Own Adventure, ambao kitabu chake cha kwanza kilikuwa The Cave of Time cha Packard. Mfululizo huo uliendelea hadi mwaka 1998, na nakala zaidi ya milioni 250 ziliuzwa.

Uingereza iliongeza dadu. Steve Jackson na Ian Livingstone, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Games Workshop mwaka 1975, waliandika The Warlock of Firetop Mountain, kilichochapishwa na Puffin mwezi Agosti 1982. Kitabu hicho kina vifungu 400. Kabla ya kuanza, msomaji hurusha dadu kupata alama zake tatu: ustadi, stamina na bahati. Akikutana na adui, humrushia dadu adui na kujirushia mwenyewe. Mwenye jumla ndogo hupoteza pointi mbili za stamina. Mfululizo uliozaliwa hapo, Fighting Fantasy, ulifikia vitabu 59 kabla ya Puffin kuusimamisha mwaka 1995. Mwaka 1984 Joe Dever alianzisha mfululizo wa Lone Wolf, ambao ulikuwa na sifa hii: msomaji aliyemaliza kitabu kimoja aliingia katika kinachofuata akiwa na silaha, maarifa na majeraha yaleyale.

Je, fasihi simulizi yetu ya Kiafrika haikuwa na haya yote? Swali hili huulizwa kila linapokuja jambo jipya, na linahitaji jibu la uangalifu. Ni kweli kwamba Afrika ina ngano za mtanziko, ambazo William Bascom alizikusanyia kitabu mwaka 1975: msimulizi huwafikisha wasikilizaji kwenye swali lisilo na jibu moja, kisha huwaachia wabishane. Ni kweli pia kwamba mtambaji wa hadithi huusoma uso wa hadhira yake na kurefusha au kufupisha kisa kwa kadiri wanavyoitikia. Lakini katika ngano ya mtanziko uchaguzi huja baada ya hadithi kukamilika, na katika utambaji uchaguzi ni wa mtambaji. Kitabu-mchezo kinamtaka msikilizaji achague katikati ya kisa, na kinampa majibu yaliyokwisha kuandikwa tangu awali. Undugu upo, bali ni undugu wa mbali. Kinachofanana zaidi na utambaji ni kile kitanda cha binti za Packard, kabla kisa hakijatiwa namba.

3. Kitabu kama programu

Tukikitazama kitabu-mchezo kwa jicho la mwanaisimu, tunakuta ndani yake aina mbili za matini. Aina ya kwanza husimulia: umesimama mbele ya mlango wa mwaloni, na nyuma yake unasikia mtu akikoroma. Aina ya pili huamuru: ukitaka kufungua mlango, nenda kifungu cha 82, ukitaka kuendelea na njia, nenda kifungu cha 208. Matini ya kwanza inasomwa. Matini ya pili inatekelezwa. Msomaji ndiye anayeitekeleza, kwa kidole, penseli, ufutio na dadu.

Waandishi walijua kwamba mtekelezaji huyu si mwaminifu siku zote, na baadhi yao walibuni kufuli za karatasi. Mfano bora umo mwishoni mwa The Warlock of Firetop Mountain. Msomaji akifika kwenye sanduku la hazina anahitaji funguo tatu, na kila ufunguo una namba. Hujumlisha namba za funguo alizozichagua na kwenda kwenye kifungu chenye jumla hiyo. Hakuna mahali popote kitabuni panapoitaja namba ya kifungu hicho waziwazi. Asiyezipata funguo sahihi hawezi kuipata jumla hiyo. Katika Creature of Havoc cha mwaka 1986, Steve Jackson alikwenda mbali zaidi: msomaji ni zimwi lisiloelewa lugha ya binadamu, na maneno ya wahusika wengine yameandikwa kwa fumbo hadi msomaji apate njia ya kulifumbua.

Kufuli hizi zinatuonyesha kwamba utanzu huu ulitumia kila sifa ya karatasi. Namba ya kifungu ilikuwa anwani, na kwa wakati uleule ilikuwa siri. Unene wa kitabu ulimwonyesha msomaji kwamba kuna mengi ambayo hakuyaona. Kurasa alizozipitia akitafuta kifungu chake zilimchokoza kwa neno moja moja na kwa picha. Hayo yote yalikuwa sehemu ya usomaji, ingawa hayakuandikwa katika kanuni.

4. Kuhamia katika vifaa

Kompyuta na hadithi yenye matawi zilikutana mapema. Mchezo wa maandishi wa Will Crowther, ulioandikwa katikati ya miaka ya 1970 na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977, ulimfanya mchezaji atembee mapangoni kwa kuandika amri fupi. Neno la Kiingereza la matini yenye viungo lilikwisha kubuniwa na Ted Nelson mwaka 1965. Lakini kompyuta ya mezani haikuwa kifaa cha kusomea kitandani au garini, na kitabu-mchezo kilizoea kusomwa huko.

Daraja la kwanza la maana lilijengwa na wasomaji wenyewe. Mwaka 1999 Joe Dever aliruhusu vitabu vyake vya Lone Wolf vitolewe bure katika intaneti, na kikundi cha watu wa kujitolea, Project Aon, kikaanza kuvichapa upya, kuvihakiki na kuvitia viungo. Kila agizo la kwenda kifungu fulani likawa kiungo cha kubofya. Baadaye matini hizo zilitolewa pia katika miundo inayosomeka kwenye vifaa vya kusomea. Uhamishaji huo ulikuwa wa heshima na wa kihafidhina: mashine iligeuza kurasa, lakini msomaji aliendelea kutunza alama zake mwenyewe.

Mwaka 2007 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Mwezi Septemba muundo wa EPUB ulikubaliwa kuwa kiwango cha vitabu vya kielektroniki, na mwezi Novemba Amazon ilitoa kifaa cha Kindle. Kioo chake cha wino wa kielektroniki hakitoi mwanga wake chenyewe, na kinatumia umeme hasa pale ukurasa unapobadilika. Ndiyo maana betri yake hudumu muda mrefu. Lakini wino huo hubadilika polepole, na kifaa kilijengwa kwa riwaya inayosomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiungo kiliwezekana. Kumbukumbu haikuwezekana: kitabu cha kawaida cha kielektroniki hakikuwa na mahali pa kuandika kwamba msomaji huyu ana funguo mbili na stamina ya 9. Mwaka 2010 Amazon iliwafungulia watayarishaji programu njia ya kutengeneza kazi zenye kumbukumbu kwa ajili ya Kindle, lakini mpango huo haukudumu. Muundo wa EPUB wa toleo la 3, uliotoka mwaka 2011, uliruhusu programu ndogo ndani ya kitabu, ila uwezo huo ulitegemea hiari ya kila mtengenezaji wa kifaa.

Kwa hiyo vitabu-mchezo vilihamia zaidi kwenye simu za kisasa na vishikwambi, vikiwa programu kamili. Hapo njia ziligawanyika. Kampuni ya Tin Man Games ya Melbourne, Australia, ilijitahidi kuuiga ulimwengu wa karatasi: dadu zilibingirika juu ya kioo na kurasa zilifanana na kitabu kikuukuu. Mwaka 2012 iliitoa kwa njia hiyo Blood of the Zombies ya Ian Livingstone, mwaka uleule kilipochapishwa kitabu chenyewe. Kampuni ya inkle ya Cambridge, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilishika njia nyingine. Ilipoanza kuutoa mfululizo wa Sorcery! wa Steve Jackson mwaka 2013, iliziondoa namba za vifungu, ikaweka ramani ambamo msomaji anasogea, na ikauondoa urushaji dadu katika mapigano na badala yake kumtaka msomaji akisie nguvu ya pigo la adui. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyo na Dave Morris walikuwa wamekitoa upya kisa cha Frankenstein, ambamo msomaji huzungumza na mhusika, na kitabu huhesabu kimyakimya kiasi cha imani kati yao.

Njia ya tatu ilikuwa ya watunzi wapya. Mwaka 2009 Chris Klimas alitoa Twine, programu ya bure inayomwezesha mtu asiyejua uandishi wa programu kutunga hadithi yenye matawi. Mwaka huohuo kampuni ya Choice of Games ilianza kutoa hadithi za maandishi matupu, zisizo na picha, zinazotunza alama za mhusika.

5. Kidole katikati ya kurasa

Kila aliyesoma vitabu-mchezo vya karatasi anaijua desturi moja: kuacha kidole kwenye kifungu ulichotoka, ukachungulia unakokwenda, na ukikuta kifo, ukarudi. Kanuni zilikataza, vidole vyote vya mkono vilikuwa mashahidi kwamba hakuna aliyetii.

Desturi hii inastahili kuchukuliwa kwa uzito. Kitabu cha karatasi kilimwamini msomaji. Kilimwachia dadu azihesabu, stamina aiandike, na mlango aufungue au asiufungue. Aliyedanganya alijua kwamba anadanganya, na aliyekataa kudanganya alipata fahari ambayo hakuna wa kuishuhudia. Kwa maneno mengine, kitabu kiliweka amana mikononi mwa msomaji, na amana ina maana pale tu penye uwezekano wa kuivunja.

Mashine imeiondoa amana hiyo. Dadu haiwezi kurushwa mara ya pili kwa siri. Mlango usioruhusiwa hauonekani kabisa. Watengenezaji waliigundua hasara hii upesi, wakatafuta namna ya kukirudisha kidole. Tin Man Games iliweka alama za kurudia mahali na hata hali ya usomaji huru, ambamo milango yote imefunguka. Inkle, katika Sorcery!, ilimruhusu msomaji kurudisha kisa nyuma hadi hatua aitakayo. Lakini kuruhusiwa si sawa na kuaminiwa. Kidole kilikuwa uamuzi wa msomaji dhidi ya kanuni. Kitufe cha kurudi nyuma ni kanuni yenyewe.

Pamoja na hayo, haki inatudai tuitaje faida. Mashine imewapunguzia wasomaji kazi ya ukarani. Imewezesha kifungu kimoja kuandikwa kwa namna nyingi kulingana na yaliyotangulia, jambo ambalo katika karatasi lingehitaji kurasa zisizohesabika. Na ile kufuli ya funguo tatu, ambayo kiungo cha kawaida kingeifichua kwa kuonekana tu, inaweza kulindwa na kumbukumbu ya mashine bila hesabu yoyote ya msomaji. Hapo lakini furaha ya kujumlisha na kufungua kurasa kwa mkono unaotetemeka imekwenda zake.

6. Sarufi ya Kiswahili mbele ya mashine

Sasa tuje kwetu. Tuchukulie kwamba mtunzi anataka kutunga au kutafsiri kitabu-mchezo kwa Kiswahili kwa ajili ya kifaa cha kusomea. Atakutana na masuala manne.

Suala la kwanza ni wakati. Masimulizi ya Kiswahili yamezoea kuanza na -li- na kuendelea na -ka-: alifika, akabisha, akaingia. Mnyororo huu unatuambia kwamba mambo yamekwisha kutendeka. Kitabu-mchezo kinahitaji jambo ambalo bado halijaamuliwa. Mtunzi atalazimika kutegemea -na- na -me-, tena kwa uangalifu: umesimama mbele ya lango si sawa na unasimama mbele ya lango. Kiambishi -ka- hakitapotea, bali kitahamia kwenye maagizo: nenda ukafungue, rudi ukamwamshe. Hivyo kiambishi kilichozoea kusukuma kisa kilichopita kitakuwa kinamsukuma msomaji.

Suala la pili ni sharti. Katika karatasi, Kiswahili kina utajiri wa kutofautisha masharti. Ukitaka kumfuata mzee ni uchaguzi. Ukiwa na ufunguo ni hali ya sasa. Ikiwa ulikwisha kuzungumza na mvuvi ni tukio lililopita. Msomaji wa karatasi anahitaji tofauti hizi ili ajihukumu mwenyewe. Kitabu kikiingia kwenye mashine, sharti la pili na la tatu hutoweka katika matini, kwa sababu mashine inajua tayari. Badala ya kuuliza kama una ufunguo, itasema: unautoa ufunguo. Sharti limetoka katika sarufi ya Kiswahili na kuingia katika sarufi ya programu; -ki- ya uchaguzi ndiyo pekee inayobaki mbele ya macho ya msomaji.

Suala la tatu ni ngeli, na hapa ndipo kazi ilipo. Programu nyingi za hadithi zimebuniwa kwa lugha ya Kiingereza, ambamo jina la kitu linaweza kupachikwa katika sentensi bila kuitikisa. Mtunzi wa Kiingereza huandika sentensi moja kuhusu silaha kuvunjika na kuacha nafasi ya jina la silaha. Kwa Kiswahili sentensi hiyo ni nyingi: mkuki wako umevunjika, panga lako limevunjika, kisu chako kimevunjika, ngao yako imevunjika. Na msomaji akiwa na viwili, visu vyako vimevunjika. Programu isiyojua ngeli itatoa Kiswahili kibovu kila mara. Dawa yake inajulikana: kila kitu kihifadhiwe pamoja na ngeli yake, na viambishi vya upatanisho vitokane na ngeli hiyo. Lakini hata dawa hii ina maswali ya kimtindo ambayo mashine haiwezi kuyaamua. Joka limekuja au joka amekuja? Jitu linacheka au jitu anacheka? Upatanisho wa -li- unakuza na kutisha. Upatanisho wa a- unamkaribisha kiumbe huyo katika jamii ya wenye uhai. Mwandishi anaweza kuanza na la kwanza na kuhamia la pili msomaji anapoanza kumwonea huruma adui yake. Huo ni usanii ambao Kiingereza hakina chombo chake cha moja kwa moja.

Suala la nne linatupa nafuu. Watunzi wa Choice of Games hulazimika kuandaa viwakilishi vya jinsia kwa kila mhusika ambaye jinsia yake inachaguliwa na msomaji. Kiswahili hakina haja hiyo. Kiambishi a- kinamtosha mwanamume na mwanamke, na mhusika anaweza kupita kitabu kizima bila sarufi kumlazimisha kujitaja.

Tusidhani kwamba lugha ya uchaguzi ni ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, na huduma za namna hiyo zilipoenea katika nchi jirani, watu wa kila rika wamezoea kupita katika menyu za simu kwa kuchagua namba, hatua kwa hatua, wakijua kwamba uchaguzi mmoja hufungua mwingine. Kinachokosekana ni hadithi. Nacho chombo cha kupimia ubora wa lugha hiyo tunacho: fumbo la Creature of Havoc, ambalo mtafsiri wa kawaida angeliogopa, lina jibu tayari katika mchezo wa watoto wa kusema kinyume, ambapo silabi hugeuzwa na nyama ikawa manya. Mtafsiri atakayelitumia hatakuwa anatafsiri fumbo la Kiingereza. Atakuwa amelipa fumbo lingine mahali pake.

7. Suala la uhifadhi

Kuna jambo zito zaidi ya usanii. Nakala ya The Warlock of Firetop Mountain iliyochapishwa mwaka 1982 inaweza kusomwa leo na yeyote mwenye macho na dadu mbili. Haiwezi kusemwa hivyo kuhusu kazi za miaka michache tu iliyopita. Mwezi Septemba 2017 Apple ilitoa toleo la 11 la mfumo wa simu zake, ambalo liliacha kabisa kuendesha programu za muundo wa zamani wa biti 32. Programu ambazo watengenezaji wao hawakuzihuisha zilikufa siku hiyo katika kila simu iliyopokea toleo jipya, vitabu-mchezo vikiwamo. Kazi zilizotengenezwa kwa ajili ya mpango wa Kindle wa mwaka 2010 nazo zilibaki na vifaa vyake.

Kwa utanzu huu hatari ni kubwa kuliko kwa riwaya, kwa sababu matini yake haiwezi kunakiliwa tu. Sentensi zinazotegemea kumbukumbu ya mashine hazina maana zikitolewa nje ya mashine. Kilichosalimika vyema zaidi ni kile ambacho hakikufungiwa: matini za Project Aon, zilizoandikwa kwa muundo wazi na kutunzwa na wasomaji, ziliendelea kupatikana hata baada ya Dever kufariki mwezi Novemba 2016. Mwaka huohuo inkle iliifanya lugha yake ya kuandikia hadithi, iitwayo ink, kuwa huru kutumiwa na yeyote.

Bara letu lina mfano wake wa busara hii. Mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umeweka hadithi za watoto katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni huria inayoruhusu kunakili, kutafsiri na kuchapa. Hadithi hizo si vitabu-mchezo. Lakini zinatufundisha kwamba fasihi ya kifaa inadumu pale jamii inaporuhusiwa kuitunza.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kitabu-mchezo kilizaliwa na wazazi wawili, fasihi ya majaribio na kitabu cha darasani, kisha kikalelewa na msimulizi wa kitandani na mrusha dadu. Tumeona pia kwamba kukihamishia kwenye vifaa kulihamisha amana kutoka kwa msomaji kwenda kwa mashine, na kwamba faida na hasara zote mbili zilitoka katika chanzo hicho kimoja. Kwa upande wa Kiswahili, tumeonyesha kwamba ngeli zetu zitaivunja programu yoyote isiyozijua, na zitamtajirisha mwandishi yeyote anayezijua.

Kutokana na hayo yapo mambo mawili ambayo idara zetu zinaweza kuyafanya bila kungoja mtu. La kwanza ni kuandaa, kwa ushirikiano wa wanaisimu na wanakompyuta, kanuni huria za upatanisho wa ngeli zitakazotumika katika programu za kutungia hadithi. La pili ni kudai kwamba kila kazi ya fasihi ya Kiswahili inayotungwa kwa ajili ya kifaa iwekwe pia nakala yake katika maktaba, kwa muundo wazi, pamoja na maelezo ya kanuni zake kwa maneno ya Kiswahili, kiasi kwamba hata vifaa vyote vikizimika mtu aweze kuicheza kwa penseli na dadu. Kazi itakayovuka mtihani huo itakuwa imerudi pale utanzu huu ulipoanzia, yaani mikononi mwa msomaji anayeaminiwa.